Mkate wa chachu wa kwenye video unageuka uji jikoni Tanga: kosa liko wapi?

SWALI: Habari za kazi. Niko Tanga. Tangu mwaka jana natazama video za watu wanaooka sourdough nyumbani, mkate usiotiwa hamira ya dukani. Ni unga, maji, chumvi na chachu waliyoikuza wenyewe. Nimejaribu mara nne nikifuata maelekezo neno kwa neno: unga gramu 500, maji 375, chachu 100, chumvi 10, donge likae mezani kwa muda wa saa tano, kisha friji usiku kucha. Kila mara donge linakuwa kama uji mzito, linang'ang'ania mikononi, na mkate unatoka bapa, mweupe juu, mchachu hadi watoto wanaukataa. Unga ni wa kawaida wa dukani, oveni ni ndogo ya umeme. Kosa ni langu au la video? Na ninaweza kufika mahali pa kuuza?

JIBU: Pole kwa kilo mbili za unga, dada. Mikono yako haina kosa, na vipimo vya video si vya uongo. Shida ni kwamba video ilitaja muda bila kutaja joto la jiko, na kwa mkate wa chachu muda peke yake haukuambii kitu.

Jikoni kwa hao waokaji, wengi wakiwa Ulaya na Marekani, "mezani" maana yake ni nyuzijoto 20 hadi 23. San Francisco, mji uliojipatia jina kwa mkate huu, ni mji wa ukungu ambako hata Julai watu huvaa sweta. Tanga mwezi Februari mchana, jiko linafika 31 au 32. Kasi ya chachu huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 8 hadi 10 zinazopanda, kwa hiyo saa zako tano ni kama saa tisa au kumi za kwao. Donge lako lilikuwa limekwisha kazi kabla halijaiona friji.

Dalili zako zote zinasema hivyo hivyo. Ndani ya chachu wanaishi viumbe wa aina mbili: hamira za porini, zinazotoa hewa ya kuumua, na bakteria wa asidi ya laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi na kuchachusha togwa. Bakteria hawa wanafurahia joto kuliko hamira. Jiko likipita nyuzi 30 wao ndio wanaotangulia, asidi inapanda, na vimeng'enya vilivyomo ndani ya ngano vinavyokata protini vinafanya kazi kwa nguvu. Utando wa gluteni, yaani protini ya ngano, ambao ndio mfuko wa kushikia hewa, unakatikakatika. Hapo donge lililokuwa linavutika linageuka uji, na hata ukilikanda hadi usiku wa manane halirudi. Weupe wa juu una chanzo hicho hicho: ganda hupata ukahawia kutokana na sukari iliyosalia kwenye donge, na yako ilikwisha kuliwa. Uchachu unajieleza wenyewe.

Jambo la pili ni maji. Usihesabu yale 375 tu. Chachu yako ya gramu 100 ni nusu unga nusu maji. Jumla una unga 550 na maji 425, yaani maji ni asilimia 77 ya uzito wa unga. Kiasi hicho kinabebwa na unga wenye protini gramu 13 kwa kila 100. Geuza mfuko wako usome ubavuni: unga wa nyumbani wa kawaida, ule wa chapati na maandazi, mara nyingi huwa na 10 au 11. Unga wa namna hiyo ukiupa asilimia 77 unalewa maji.

Kwa nini basi video zote zinapenda maji mengi? Kwa sababu ya matundu. Donge lenye maji mengi likiokwa vizuri hutoa mkate wenye mapango makubwa yanayong'aa ndani, na mapango hayo ndiyo yanayopendeza kwenye kamera mkate unapokatwa. Mtindo wenyewe una historia fupi. Novemba 2006 gazeti la New York Times lilichapisha njia ya Jim Lahey, mwokaji wa New York, ya mkate usiokandwa unaookwa ndani ya sufuria zito lenye mfuniko. Tangu hapo sufuria hilo la chuma limekuwa kama sare ya waokaji wa nyumbani. Kisha ikaja 2020, watu wamefungiwa ndani kwa sababu ya korona, hamira ikaadimika madukani Ulaya na Marekani, na chachu haihitaji duka. Kila mtu akapiga picha mkate wake, na picha iliyopendwa zaidi ni ya mapango. Kwa mlaji, mapango ni hasara: siagi inapita, asali inadondokea kwenye nguo. Mkate wenye vitundu vidogo vilivyosambaa sawasawa ndio wa kupaka kitu, na ndio utakaokutoka kwa urahisi na unga wako.

Tuanze na chachu yenyewe, kwa sababu ikiwa hiyo ni chovu, mengine yote ni kazi bure. Kwa joto la pwani, kulisha kwa kipimo cha 1:1:1, yaani chachu, unga na maji kwa uzito sawa, kama video nyingi zinavyofundisha, ni kuishindisha njaa. Inapanda kwa saa tatu, inashuka, na hadi jioni imekuwa siki. Lisha hivi: chachu gramu 10, unga 50, maji 50. Itafika kileleni baada ya saa tano au sita. Ukitaka ilale usiku na kuamka tayari, punguza chachu iwe gramu 5 kwa unga 50 na maji 50. Funga rababendi kwenye chupa pale ilipoanzia ili uone imepanda kiasi gani. Inafaa kutumika ikiwa imepanda mara mbili au mbili na nusu, mgongo wake bado umevimba kidogo, haujaanza kuzama katikati. Lile jaribio la kudondosha kijiko cha chachu majini uone kama kitaelea, achana nalo; chachu nyepesi yenye nguvu huweza kuzama kwa sababu tu ulipoichota uliitoa hewa.

Ikinuka kama kiondoa rangi ya kucha, au ikitengeneza maji ya kijivu juu, ina njaa tu. Ilishe mara mbili tatu mfululizo itarudi. Ikiwa na michirizi ya waridi au ya chungwa, au ukungu wenye manyoya, tupa yote na uoshe chupa kwa maji ya moto. Hapo hakuna cha kuokoa.

Kama utaianza upya, tumia unga wa atta kwa siku tatu za kwanza, kwa kuwa ganda la ngano ndilo lenye viumbe wengi: gramu 50 za atta na 50 za maji yaliyochemshwa yakapoa, ili klorini ya bomba isikusumbue. Siku ya pili itafumka hadi utafurahi. Usifurahi bado. Hao ni bakteria wa mwanzo, na siku ya tatu au ya nne kila kitu kitanyamaza kama kimekufa. Wengi huitupa siku hiyo. Wewe endelea: kila asubuhi na jioni bakiza gramu 20, ongeza unga 50 na maji 50, ukihama pole pole kwenda unga mweupe. Asidi ikishapanda vya kutosha, wale wa mwanzo wanakufa na hamira zinazostahimili asidi zinashika nafasi. Kwa joto la Tanga hesabu siku saba hadi kumi. Masalia unayotoa kila ukilisha, kuanzia chachu ikishakomaa, yanafaa sana kwenye chapati za maji na vitumbua. Usiyamwage kwenye sinki, yanaganda kwenye bomba kama gundi ya karatasi.

Wiki usiyooka, chachu ikae friji. Ifanye ngumu: chachu 10, unga 50, maji 25. Iliyo ngumu inachacha taratibu na inavumilia wiki nzima bila kugeuka siki.

Sasa donge. Kwa unga wako anza na hivi: unga gramu 500, maji 310, chachu 75, chumvi 10. Ukijumlisha na yaliyomo kwenye chachu, maji yanakuwa kama asilimia 65. Mkate wa tatu ukitoka vizuri, ongeza gramu 15 za maji, kisha 15 nyingine, hadi utakapoona donge linaanza kutambaa. Rudi hatua moja nyuma, hicho ndicho kipimo cha unga huo. Ukibadili aina ya unga unaanza upya. Na nunua mizani ya jikoni kama bado hunayo. Kikombe cha unga hutofautiana kwa gramu 20 au 30 kutegemea ulivyouchota, na kijiko cha chai cha chumvi ya unga si sawa na cha chumvi ya chenga.

Joto la maji ndiyo silaha yako kubwa, na wataalamu wa viwanda vya mikate wanalipigia hesabu kila siku. Lengo ni donge litoke mikononi likiwa na nyuzi 25. Zidisha 25 kwa 4, upate 100. Toa joto la jiko, joto la unga na joto la chachu. Kinachobaki ndicho joto la maji. Jiko 30, unga 30, chachu 28, kinabaki 12. Maji ya friji ya nyuzi 5 ukichanganya na ya bomba ya 28, gramu 215 za friji na 95 za bomba zinakupa 12 hiyo. Kipimajoto cha kuchomeka, cha kupimia nyama, kinatosha kwa kazi yote hii.

Changanya unga na maji tu, funika, acha nusu saa. Muda huo unga unakunywa maji na gluteni inajipanga bila wewe kukanda. Kisha tia chachu na chumvi, finya kwa vidole hadi vimeenea, na uanze kuhesabu. Kila baada ya dakika 25 lowesha mkono, shika upande mmoja wa donge, uvute juu hadi kabla ya kuchanika, ukunje katikati. Zungusha bakuli, fanya pande zote nne. Mara nne zinatosha. Ukiona ya tatu donge limekuwa laini, linasimama na halitaki kuvutika tena, ishia hapo.

Kuumuka usikupime kwa macho kwenye bakuli la duara. Macho yanadanganywa na umbo. Kata gramu 40 za donge, zikandamize ndani ya gilasi nyembamba yenye kuta zilizonyooka, na chora mstari. Kama zimefika sentimita 3, chora mstari mwingine kwenye 4.2. Huo ni ongezeko la asilimia 40, na ndipo unapositisha. Gilasi ikae ndani ya bakuli ikigusana na donge, la sivyo kipande kidogo kitapata joto haraka kuliko ndugu yake na kukupa habari za uongo. Maelekezo mengi ya nchi za baridi husema subiri hadi liumuke karibu mara mbili. Kwako hapana, kwa sababu donge lenye joto likiingia friji linaendelea kuumuka kwa saa moja mbili kabla halijapoa katikati. Kwa nyuzi 26 au 27 utafika mstarini ndani ya saa tatu hadi tatu na nusu tangu ulipotia chachu, lakini anayeamua ni gilasi.

Kufinyanga hakuna siri kubwa: nyunyiza unga kidogo mezani, kunja pande nne ndani kama bahasha, viringisha, kisha livute kuelekea kwako ili ngozi ikaze. Liache dakika 15, rudia mara moja. Bakuli lenye kitambaa cha pamba kilichopakwa unga wa mchele kinatosha badala ya vile vikapu vya kuumulia donge vya kuagiza. Unga wa mchele haufyonzi maji haraka kama wa ngano, ndiyo maana donge halishikani na kitambaa.

Friji, sasa. Weka gilasi ya maji kwenye rafu ya donge, na kesho yake pima. Ikisoma 4 au 5, donge likae saa 8 hadi 12. Ikisoma 8, na friji nyingi za nyumbani zinazofunguliwa kila dakika zinasoma hivyo, sitisha kuumuka mezani kwenye asilimia 25 na friji iwe saa sita tu. Umeme ukikatika usifungue mlango. Ukipitisha saa mbili bila kurudi, oka mara umeme utakaporudi bila kungoja ratiba. Kama unategemea jiko la mkaa, washa bila kusubiri.

Oveni ndogo za umeme zina tabia mbili mbaya: kitasa kinasema 250 wakati ndani ni 215, na nondo ya juu iko karibu mno na mkate. Weka kipimajoto cha oveni ndani, ni kitu cha bei ndogo. Kama sufuria zito haliingii, tumia bakuli kubwa la stili lisilo na plastiki, ulifunike juu ya mkate kwenye trei. Kazi ya mfuniko ni kufungia mvuke unaotoka kwenye donge lenyewe. Mvuke unaweka ngozi ikiwa laini ili mkate upande. Bila huo ngozi inakauka dakika za mwanzo na mkate unapasuka ubavuni unakotaka wenyewe. Pasha oveni na trei hadi 230, nusu saa nzima. Toa donge friji, lipindue kwenye karatasi ya kuokea, chana kwa wembe mpya kina cha sentimita moja, wembe ukilala upande. Dakika 25 likiwa limefunikwa, kisha toa bakuli, shusha hadi 210, dakika 20 hadi 25 zaidi. Katikati pafike nyuzi 96.

Wenye mkaa mnajua tayari mbinu hii kutoka kwenye mkate wa kumimina: moto juu na chini. Sufuria kubwa, tabaka la mchanga mkavu la sentimita mbili chini, vijiwe vitatu, sufuria dogo lenye donge juu yake, mfuniko, na makaa. Gawa makaa sehemu mbili juu na moja chini, la sivyo utapata kitako cheusi na kichwa kibichi. Kazi hii ifanyike nje au mahali penye hewa nyingi. Hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa inaua.

Ukishatoa mkate, usiuguse kwa kisu kwa saa moja na nusu. Ndani bado kuna mvuke, na wanga haujakaza. Ukiukata ungali moto utapata gundi na kulaumu chachu.

Baada ya hapo ndipo ukate na usome ulichopata. Mkate bapa, vitundu vidogo vilivyobanana, ganda lililopauka, uchachu mkali: umepitiliza, punguza muda au joto la maji. Mkate uliovimba kama mpira, mapango mawili matatu makubwa juu na sehemu ya chini imeshikamana kama ubani uliotafunwa: haujaumuka, ongeza nusu saa mezani. Watu wengi hupiga picha huu wa pili wakidhani wamefaulu kwa sababu una mapango. Ukiwa wote mzito sawasawa bila pango lolote, rudi kwenye chachu.

Kuhusu watoto: uchachu si cheti cha ubora. Tumia chachu ikiwa kileleni, isishuke hata kidogo, punguza friji hadi saa sita, na ukipenda ongeza sukari gramu 20 na mafuta gramu 25 kwenye donge. Utapata kitu kilicho karibu na boflo, laini, chenye harufu ya chachu bila ukali. Na kama wiki imekushinda, robo ya kijiko cha chai cha hamira ya chenga kwa unga gramu 500, bila chachu kabisa, ikikaa mezani saa sita hadi nane kwa joto lako, inatoa mkate mzuri wa sufuria. Lahey mwenyewe alitumia kiasi kama hicho, ila kwa kuwa jiko lake ni la New York aliuacha saa 12 hadi 18.

Kuuza kunawezekana, lakini si mwezi huu. Oka mikate kumi mfululizo inayofanana kwa uzito na umbo ndipo upokee oda ya kwanza; mteja wa pili anataka mkate ule ule wa wa kwanza. Hesabu umeme: oveni ya kilowati 2 kwa saa moja na nusu inaweza kula hadi uniti 3, kwa hiyo kuoka mkate mmoja mmoja ni kuifanyia kazi mita. Oka mfululizo oveni ikiwa bado moto. Saa zako nazo zina bei, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula Tanzania Bara yako chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo kabla ya kupeleka mikate dukani pita ofisi yao uulize usajili wa sehemu ya kutengenezea.

Mwambie pia mteja jambo moja ambalo video haziwezi kulionyesha. Hewa ya Tanga ina unyevu, na ganda linalolia kama karatasi asubuhi litakuwa limelainika jioni. Mkate haujaharibika. Ulowanishe juu kwa kiganja cha maji, uingie oveni nyuzi 200 kwa dakika nane, au silesi zipite kwenye kikaango kikavu.